Mzee Bun-siong Aosha Pikipiki ya Binti Yake

Kisiwani Penghu, upepo wa baridi huanza mwezi wa kumi na hauchoki mpaka mwezi wa tatu. Upepo huo hubeba chumvi ya bahari. Chumvi inakaa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vioo vya madirisha, hata kwenye midomo ya watu. Lakini kinachoteseka zaidi ni chuma. Ukiacha msumari nje kwa wiki moja, unaukuta mwekundu.

Mimi nafundisha watu wazima kusoma katika kijiji cha Au-khi. Nakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee Bun-siong. Mengi ya mambo haya niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa na mke wake, Mama Giok-tsi, ambaye hafichi kitu.

Mzee Bun-siong alikuwa fundi wa injini za meli kwa miaka thelathini. Sasa amestaafu. Ana mtoto mmoja tu, Yun-hui, ambaye ni nesi. Kila siku Yun-hui huenda kwa pikipiki kuwatembelea wagonjwa wazee majumbani. Anawapima presha, anawafunga vidonda, anawapa dawa. Anapita vijiji vitano au sita, kisha anarudi jioni akiwa amechoka.

Mzee Bun-siong si mtu wa maneno mengi. Hajawahi kumwambia binti yake kwamba anampenda. Yeye alikuwa anaosha pikipiki.

Kila jioni alimsubiri Yun-hui getini. Alikuwa ameshavaa buti za mpira. Pampu yake ya zamani ya kuoshea meli ilikuwa imeshawashwa.

"Imekusumbua leo?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Umekula?"

"Nimekula tambi kwa Bibi Ong."

"Haya, shuka. Lete ufunguo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Yun-hui aliingia ndani kunywa chai. Mzee alielekeza mpira kwenye pikipiki, hata kabla injini haijapoa. Maji yalitoka kwa nguvu nyingi. Mvuke ulipanda kutoka kwenye ekzosi. Alipiga maji kwenye taa, kwenye swichi, katikati ya magurudumu, kila mahali. Kisha alimwaga sabuni ya unga na kusugua kwa brashi ngumu. Maji yenyewe yalitoka kwenye kisima cha nyuma ya nyumba.

"Baba Yun-hui," mke wake alimwambia mara nyingi, "unaosha pikipiki au unaipiga?"

"Wewe pika. Mimi nimeosha meli kubwa kuliko nyumba hii."

"Meli haina plagi pale nje."

"Pika, mama."

Mwezi wa kumi na moja, pikipiki ilianza kusumbua. Asubuhi Yun-hui alipiga kiki mara tano, mara kumi. Injini ilikohoa na kuzima. Siku moja alichelewa saa nzima kumfikia mgonjwa wa sukari. Bibi huyo alikuwa amekaa kitandani akisubiri sindano yake, hajagusa uji wake. Siku nyingine honi ililia yenyewe njia nzima, na watu wakatoka nje kuangalia kuna nini.

"Niipeleke kwa Siok-lin aiangalie," Yun-hui alisema.

"Siok-lin?" Mzee Bun-siong alicheka. "Yule mtoto nimembeba mgongoni. Ataniambia nini kuhusu injini?"

"Yule mtoto ana miaka thelathini na minane, baba. Na ana gereji."

"Hii ni chumvi tu. Nitaiosha vizuri zaidi."

Basi akaosha kwa maji mengi zaidi. Jumatatu asubuhi aliona kitu kilichomkasirisha. Sahani ya breki ya mbele, ile ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, ilikuwa na kutu nyepesi ya rangi ya machungwa. Mzee alichukua kopo lake la mafuta. Alipaka mafuta kwenye sahani ile, pande zote mbili, mpaka ikang'aa. Alisimama akaitazama. Aliridhika.

"Sasa chumvi itafute pa kwenda," alisema.

Asubuhi hiyo Yun-hui alipita barabara ya tambarare, akaenda polepole kwa sababu ya upepo. Kabla ya saa nne alipigiwa simu. Alitakiwa kijiji cha chini, kando ya bandari. Njia ya kwenda huko ina mteremko mrefu. Alipofika katikati ya mteremko, mama mmoja alitokea kwenye shamba akisukuma mkokoteni wa kabichi. Hakuangalia kushoto wala kulia.

Yun-hui alikamata breki ya mbele. Mkono wa breki uliingia kama kawaida. Pikipiki haikupunguza mwendo. Alikanyaga breki ya nyuma. Tairi la nyuma likateleza. Hapo alikuwa na nafasi ndogo sana ya kufikiri. Aligeuza usukani upande wa shamba, akagonga ukuta mfupi wa mawe, akarushwa upande wa pili, kwenye kabichi.

Mama wa mkokoteni alikuja akikimbia. "Mwanangu, umeumia? Mwanangu, nesi, ni wewe?"

"Nipo salama, mama," Yun-hui alisema akiwa amelala chini. "Naomba uniangalizie ule mfuko wa dawa."

Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeteguka. Kidevu kilichubuka. Mfuko wa dawa ulikuwa mzima. Wenzake wa zahanati walikuja kumchukua, na Siok-lin akaenda na gari lake kuchukua pikipiki.

Mchana, Siok-lin alifika nyumbani kwa Mzee Bun-siong. Yun-hui alikuwa amekaa sebuleni, mkono umefungwa bandeji. Mama yake alikuwa anamlisha uji wa viazi vitamu kwa kijiko, ingawa mkono wake wa kulia ulikuwa mzima kabisa.

Siok-lin alivua viatu mlangoni. Alitoa kitambaa cheupe mfukoni. Kilikuwa na doa jeusi linalong'aa.

"Nimefuta sahani ya breki kwa kitambaa hiki," alisema taratibu. "Haya ni mafuta. Pedi za breki, zile zinazoibana sahani, zimeyanywa. Zikiwa hivi haziwezi kushika. Yun-hui, nani ameshika breki yako?"

Mama Giok-tsi aliacha kijiko hewani. Yun-hui aliangalia bakuli lake.

Mzee Bun-siong alikuwa amesimama karibu na dirisha. "Ni mimi," alisema. "Nilitaka isishike kutu."

Kisha akatoka nje. Sisi majirani tulimwona akifungua pampu yake na kukunja mpira wa maji. Aliviweka vyote stoo akafunga mlango kwa kufuli. Jioni hakula. Kesho yake hakusema neno hata kwa mke wake. Mama Giok-tsi alikuja kwangu akilalamika.

"Nimeishi na mtu huyu miaka arobaini," alisema. "Akigombana na mimi najua yuko mzima. Sasa hata nikimwita mzee mkaidi hanijibu. Nafanyaje?"

"Mpe muda," nilimwambia.

"Muda nimempa tangu jana."

Siku ya nne Yun-hui alimfuata baba yake nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hafanyi chochote.

"Baba, pikipiki imetengenezwa. Siok-lin ameweka pedi mpya na beringi mpya za gurudumu la mbele. Zile za zamani zilikuwa zimejaa maji."

"Vizuri."

"Itahitaji kuoshwa."

"Utaipeleka sehemu wanakoosha."

"Sitaki. Mimi nataka uoshe wewe."

Mzee alitikisa kichwa. "Yun-hui, kidogo nikuue."

"Ndiyo," alisema Yun-hui. Hakutaka kumdanganya. Alichutama mbele yake. "Lakini nikipanda ile pikipiki asubuhi, nikaona imeng'aa, najua kuna mtu ananisubiri jioni. Nikiwa kule kwenye upepo nalikumbuka hilo. Sasa usiache. Jifunze tu. Nimemwomba Siok-lin aje nayo Jumapili."

Mzee aligeuka akatazama mlango wa stoo. "Yule mtoto atanicheka," alisema mwishowe.

"Atakucheka sana, baba. Vumilia."

Jumapili upepo ulipungua kidogo. Siok-lin alikuja akiwa amekaa juu ya ile pikipiki. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye vitambaa, sponji na brashi mbili laini. Mimi nilikuja pia, na daftari.

"Shikamoo, mjomba," Siok-lin alisema. "Nimekuja kufundisha babu kuogesha mtoto."

"Marahaba. Wewe mwenyewe nilikuogesha, tena ulikuwa mchafu kweli."

"Ndiyo maana nimekuja bure. Haya, tunaanza na nini?"

Mzee aliinuka kwenda stoo kuchukua mpira wa maji. Siok-lin alimzuia.

"Angalia kwanza kama injini imepoa. Usiguse ekzosi, sogeza tu mkono karibu na injini."

"Ya moto."

"Basi tunakaa. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinashtuka. Kinaweza kupasuka. Tunakunywa chai nusu saa. Pikipiki ikae kivulini, maana juani sabuni hukaukia kwenye rangi na kuacha madoa."

Wakati wa chai, Siok-lin aliomba mfuniko mweusi wa sufuria. Aliomba pia kikombe cha maji ya kisima na kikombe cha maji ya bomba. Aliweka tone la maji ya kisima upande mmoja wa mfuniko, na tone la maji ya bomba upande wa pili. Aliuacha kwenye upepo. Baada ya muda, matone yote yalikauka. Upande wa bomba kulikuwa na alama hafifu isiyoonekana vizuri. Upande wa kisima kulikuwa na duara jeupe.

"Onja, mjomba."

Mzee aligusa lile duara jeupe, akalamba kidole. Uso wake ulibadilika. "Chumvi," alisema.

"Kisima chenu kiko karibu na bahari. Ulikuwa unaosha chumvi kwa chumvi."

Mama Giok-tsi aliweka birika chini. "Miaka kumi nasema maji ya kisima hayatoi povu. Miaka kumi. Hapa nazungumza na ukuta."

"Ukuta umesikia leo," alisema mzee, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mke wake tangu Jumatatu. Mama Giok-tsi aligeuka akaingia jikoni haraka. Alirudi na sahani ya karanga, macho yake yakiwa mekundu. Akasema ni moshi.

Injini ilipopoa, kazi ilianza. Siok-lin alimwagiza mzee atoe ufunguo, abandike kipande cha plasta kwenye tundu lake, na afunge mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa ekzosi. "Maji yasiingie humo," alisema. Pampu ilibaki stoo. Walitumia mpira wa bomba, na maji yalitoka polepole, kama ya kumwagilia mchicha.

"Hivi tu?" aliuliza mzee. "Maji haya hata vumbi halitayaogopa."

"Anza juu, shuka chini. Acha maji yalainishe uchafu. Nguvu ya pampu inasukuma maji ndani ya beringi na swichi, na kule ndani hakuna mtu wa kuyafuta. Ndiyo maana honi ililia yenyewe. Ndiyo maana injini ilikohoa."

Walichukua ndoo mbili. Moja ilikuwa na maji na sabuni ya maji kidogo, ile isiyo kali. Ya pili ilikuwa na maji matupu ya kusuuzia sponji.

"Kwa nini mbili?"

"Sponji inabeba mchanga. Ukiirudisha kwenye sabuni bila kuisuuza, unasugua rangi kwa mchanga. Angalia tangi lako."

Mzee aliinama. Tangi lilikuwa na mikwaruzo mingi midogo. Aliipapasa kwa kidole.

Aliosha tangi, kiti, na pande zote kwa mkono mpole. Magurudumu yalioshwa mwisho kwa brashi yake, kwa sababu ndiyo machafu zaidi. Cheni ilisuguliwa kwa mafuta ya taa kidogo. Kabla ya hapo Siok-lin alifunika sahani ya breki kwa mfuko. "Hapa hapaguswi na mafuta ya aina yoyote," alisema. "Wala grisi, wala dawa ya kung'arisha."

"Na ile kutu ya asubuhi?"

"Ile nyepesi? Ukiendesha polepole na kukamata breki mara mbili tatu, pedi zinaifuta zenyewe. Ikiwa nene, unaniita. Huipaki kitu."

Mzee alirudia kwa sauti ya chini, kama mtoto wa shule: "Huipaki kitu."

Walisuuza sabuni yote, na hapo mzee akataka kuifunika pikipiki kwa turubai, kama alivyozoea. Siok-lin alishika turubai.

"Ukifunika ikiwa na maji, umefungia unyevu ndani. Kutu inapenda hapo kuliko baharini. Kwanza tunakausha."

Mzee alipewa fulana kuukuu ya pamba. Alikausha tangi, taa, usukani, chini ya kiti, kona za boliti. Alikausha kwa uangalifu kiasi kwamba Mama Giok-tsi alisema hajawahi kumwona akifuta hata kikombe namna ile. Walibandua plasta na kutoa mfuko wa kwenye breki. Waliiacha pikipiki ipigwe na hewa kivulini.

"Sasa washa," alisema Siok-lin. "Hapa hapa nje, siyo chumbani. Moshi wake unaua mtu akiwa amejifungia. Joto la injini litamalizia kukausha."

Mzee alirudisha ufunguo, akapiga kiki. Injini iliwaka, ikanguruma kidogo, ikazima. Alipiga tena. Ikazima tena. Jasho lilimtoka.

"Nimeiharibu," alisema.

Siok-lin alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Mjomba, angalia nyuma."

Ule mfuko wa plastiki ulikuwa bado umefungwa kwenye ekzosi, umevimba. Yun-hui alicheka mpaka akashika mkono wake unaouma. Mzee aliufungua mfuko, akautazama, kisha naye akaanza kucheka. Alicheka polepole kwanza, halafu mabega yote yakatikisika. Injini iliwaka kiki ya kwanza.

Baada ya dakika chache waliizima. Siok-lin alisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Alimwonyesha mzee kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, na kudondoshea cheni mafuta yake, tone moja kwa kila kiungo, kwa upande wa ndani. "Injini iwe imezimwa," alisema. "Cheni inayozungushwa na injini inakata vidole. Ukimaliza futa yaliyozidi, yasirukie tairi wala breki."

"Tumemaliza?"

"Bado. Sasa jambo kubwa kuliko yote. Breki iliyolowa haishiki vizuri. Kabla mtu hajaondoka, wewe unaijaribu."

Mzee alipanda pikipiki. Aliendesha uani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alikamata breki ya mbele. Akaachia. Akakamata tena. Akakanyaga ya nyuma. Alizunguka uani mara nane, huku kuku wakimkimbia. Siok-lin alimwambia inatosha. Alizunguka mara mbili zaidi.

Tangu siku hiyo, mzee hakuosha tena pikipiki yote kila jioni. Siok-lin alimwambia siku za upepo mkali inatosha kuisuuza kwa maji ya bomba na kuikausha. Sabuni ni mara moja kwa wiki. Kwa kuosha kote, ndoo tatu za maji zinatosha. Jioni Yun-hui alipofika, mzee alikaa naye wakisubiri injini ipoe. Ile nusu saa ilikuwa mpya kwao. Mwanzoni waliangalia kuku tu. Baadaye Yun-hui alianza kumsimulia habari za wagonjwa, na mzee akauliza maswali. Alitaka kujua Bibi Ong amepona kikohozi au la. Alitaka kujua kidonda cha mguu kinafungwaje. Mama Giok-tsi aliniambia kwamba katika miezi miwili iliyofuata mume wake aliongea na binti yao zaidi kuliko miaka yote ya nyuma.

Pikipiki haikukohoa tena. Majirani waliona, wakaanza kuja na za kwao siku za Jumapili. Mzee aliwafundisha, naye akawa mkali kuliko Siok-lin. Aliyekuja na injini ya moto alirudishwa kwenda kunywa chai.

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ulipofika, siku yake ya kumi na tano ilikuwa sikukuu ya taa. Siku hiyo mahekalu ya kwetu hutengeneza sanamu ya kobe mkubwa kwa mifuko ya mchele, na watu huenda kuomba baraka. Yun-hui alikuwa nyumbani, mapumzikoni. Alimpa baba yake ufunguo.

"Mpeleke mama hekaluni," alisema. "Mimi nitakuja kwa miguu na mwalimu."

Mama Giok-tsi alivaa koti lake jekundu. Alikaa nyuma, akamshika mume wake kiunoni kwa mikono yote miwili. Sisi tuliwafuata kwa mbali. Mbele ya lango la hekalu, wanaume sita walitoka uchochoroni wakiwa wamebeba meza ya sadaka, wakakata barabara. Mzee Bun-siong alikamata breki. Pikipiki ilisimama taratibu, hatua tatu kabla ya meza. Wanaume walipita. Hata karanga moja ya sadaka haikudondoka.

Tulipowafikia, walikuwa bado wamesimama pale pale katikati ya barabara, na watu wakiwapita kushoto na kulia.

"Mbona huendi?" Mama Giok-tsi alikuwa anamuuliza.

"Naenda," alisema mzee. Lakini hakuondoka mara moja. Alishika mikono ya mke wake iliyokuwa kiunoni kwake, akaibana kidogo. Kisha akaachia breki.